Kinu cha Kuazima

Shaba ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilinivunja moyo. Nilikuwa mpagazi stesheni ya Jinja, na kila siku nilisikia kwamba mabehewa yale ya kutoka magharibi yamejaa shaba ya kwenda kuyeyushwa. Kichwani mwangu nikajichorea vipande vinang'aa kama sufuria mpya. Siku behewa lilipofunguliwa mbele yangu, ndani mlikuwa na unga wa kijivu, mbichimbichi, kama majivu yaliyomwagiwa maji.

"Hii ndiyo shaba?" nikasema. "Basi mama yangu ni tajiri, anazoa hii kila asubuhi mafigani."

Mzee mmoja mwenye miwani, nyundo imening'inia kiunoni, alicheka mpaka akaegemea behewa. Akanieleza kwamba jiwe husagwa kulekule machimboni, kisha unga ndio unapandishwa treni. Akauliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la sita, halafu karo ikakataa. Akauliza kama naogopa kutembea. Nikajibu miguu ndiyo shule pekee niliyoimaliza. Wiki iliyofuata nikawa mponda mawe wake. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ule mdomo wangu mrefu.

Sisi tulimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha elimu ya mawe kabla serikali haijampa kazi ya kutafuta madini. Tulikuwa wanne. Dereva alitoka Kakamega, Kenya, mtu wa maneno mengi, aliyeapa kwamba kwao kuku huchinjwa na kukutwa na dhahabu kwenye firigisi. Wa nne alikuwa askari, tuliyepewa atulinde na, kama kila mtu alivyojua bila kusema, atuangalie. Afande huyo alikuwa kijana kama mimi, mrefu, hacheki ovyo, na kidaftari mfukoni mwa shati. Kila Jumamosi alipeleka habari kwa mkubwa wake, kambi ya jeshi ya Kimaka, kule Jinja.

Tulipanga nyumba Malukhu, pale Mbale. Mama yangu alikaa Namatala, na siku akipata malewa, yale machipukizi makavu ya mianzi, alitupikia kwa karanga, akaleta mwenyewe chungu kichwani. Sukari ilikuwa imepotea madukani, sabuni vilevile, lakini chungu kile kikifika hata afande alilegeza mkanda. Asubuhi tunapanda Landrova kwenda vilimani. Mwalimu anagonga mwamba, anautazama kwa kioo chake cha kukuzia, akiona kutu ya kijani anasema shaba imepita hapa. Akiona mshipa wa mawe meupe, ananiambia, "Ponda, tuone kama kuna dhahabu." Mimi naponda kwenye kinu cha chuma hadi unga, kisha tunausafisha kwenye karai kwa maji, tunazungusha, udongo unatoka, na kizito kinabaki chini.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia kama sala. Kabla ya kuponda sampuli mpya, ponda kwanza jiwe tupu la mtoni, mara mbili, mwaga, sugua kinu kwa mchanga. Vinginevyo jiwe la jana litasema uongo ndani ya jiwe la leo.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kilima kimoja kusini mwa Mbale, na mshipa wa mawe meupe ulipita katikati ya shamba la mama mmoja mjane. Mtama wake ulikuwa umefika kifuani. Kinu chetu kikapasuka kitako. Nikaenda kwake kuomba.

"Chukua, mwanangu," akasema, akanitolea kinu kizito cha chuma. Alikuwa amemaliza kutwangia karanga. Akakisuuza yeye mwenyewe kwa maji, akakipangusa kwa kanga yake, akanipa kwa mikono miwili, kisha akaketi pale kivulini kutazama kazi yetu.

Sasa nisemeje? Mtu amekupa chombo chake kisafi, kwa mikono miwili, anakutazama. Uchukue mchanga ukisugue mbele yake kama kwamba amekupa kinyesi? Uvunjie humo jiwe la mtoni, ukikwaruze bure? Kwetu mama angenifukuza nyumbani. Nikajiambia, karanga haina dhahabu. Nikaponda sampuli moja kwa moja.

Kwenye karai, mchanga ulipoisha, ukabaki mstari mwembamba wa njano, unang'aa.

"Eeeh!" dereva akapiga kelele. "Sikuwaambia? Kuku wa kwetu walipita huku!"

Afande akainama mpaka kofia ikamwanguka. Akaangalia karai, akaangalia mtama, nyumba ya nyasi, na mama. Akatoa kidaftari. "Jumamosi mkubwa atajua. Hapa patazungushiwa waya. Huyu mama atahama."

Mama yule aliyasikia. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Kabla ya kuvuna au baada?"

Afande akaendelea kuandika. Mwalimu alilitazama jiwe kwa kioo chake, akalitazama tena. "Mwamba huu haukupaswa kuwa na kitu," akanong'ona. Niliona jasho kwenye miwani yake. Akisema hakuna dhahabu, na afande ameiona kwa macho, ataambiwa anaificha. Wakati ule, nchi ikiwa mikononi mwa jeshi, watu walipotea kwa jambo dogo kuliko hilo.

Mimi nikaenda kumfariji mama, maana sikuwa na la kufanya. Nikamwambia kinu chake ni kizuri, chuma kizito hivi sijakiona.

"Ni cha marehemu," akasema. "Alikaa Busia miaka mitatu akiponda mawe na wenzake, wakitafuta dhahabu. Alirudi na hicho kinu na malaria, basi."

Nikalala chali kwenye nyasi, naona mawingu, nafikiri neno hujuma. Ndilo neno walilolitumia kwa mtu aliyeharibu kazi ya serikali. Nilikuwa na ndoto nyingi enzi hizo, na katika zote hakuna hata moja iliyoishia gerezani. Lakini niliusikia mtama ukipigwa na upepo, nikainuka.

"Mwalimu," nikasema, na afande yupo palepale, "sikuponda jiwe tupu. Sikusugua. Dhahabu ni ya kinu."

Dereva akaliweka karai chini taratibu.

"Kosa ni langu," Mwalimu akasema haraka. "Mimi ndiye mkuu wa kazi."

"Si lake, afande. Ni langu."

Afande akanigeukia. "Wewe kijana. Unajua sheria ya mzee?"

"Najua, afande."

"Kwa nini hukufanya?"

Nikamwambia kama ilivyokuwa. Kwamba mama alikisuuza mwenyewe. Kwamba alikuwa akinitazama.

Midomo ya afande ikaanza kucheza. "Mama yangu," akasema, "ukisugua kinu chake mbele yake, anakupiga na mchi." Kisha akakaza uso tena. "Lakini mimi naamini macho, si hadithi. Rudia."

Mwalimu akamwomba mama ruhusa kwa adabu, akamweleza kwa nini. Mama akasema, "Sugueni tu, kwani ni uso wangu?" Nikasugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka, nikaponda jiwe la mtoni mara tatu. Vumbi lile la kwanza Mwalimu akalisafisha peke yake kwenye karai dogo, na pale chini kabisa vikatoka vipande vitatu vya njano, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi. Vilikuwa vimejificha kwenye nyufa za kitako cha kinu. Baadaye afande mwenyewe akachagua mawe ya mshipani, kikapu kizima, akachagua hata yaliyokuwa chini ya mizizi. Nikaponda karai la kwanza, la pili, la tatu. Tulizungusha mpaka jua likageuka upande. Mchanga mweusi tu.

Afande akafungua kidaftari, akaandika polepole, akitamka kila neno: "Mawe matupu. Kilima hakina kitu." Akamwonyesha Mwalimu aone. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, na ikamchukua muda kuirudisha usoni.

Vile vipande vitatu Mwalimu alivifunga kwenye karatasi ya sampuli. Akamtazama afande. Afande akageukia barabara, akasema kwamba yeye hajaona karatasi yoyote.

Mwalimu akampa mama karatasi ile, naye akaifungua kiganjani. Akavigusa kwa ncha ya kidole.

"Kumbe aliipata," akasema. "Mimi nilimwita mvivu mpaka akafa."

Nikampelekea kinu mlangoni. Akakipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akatoka na karanga za kukaanga, kapu zima, akaanza kumgawia afande kwanza.