Lever ilisema P, gearboksi ikasema R, na mama mkwe alikuwa ndani

Wakuu, salamu kutoka Kisii. Mimi niliachia shule darasa la saba, kwa hivyo Kiswahili kikipinda mnivumilie. Lakini haya si ya kusikia. Mguu wenye vyuma ni wangu.

Gari yangu ni otomatiki. Ile lever haigusi gia yenyewe. Inavuta kebo, kebo inageuza mkono mdogo ubavuni mwa gearboksi, na huo mkono ndio unachagua P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya huru ama D ya kwenda mbele. Ukifika P, ndani kuna chuma kinaingia kwenye meno na kuzuia magurudumu.

Mwisho wa kebo kuna bushi, kaplastiki kadogo kama kifuniko cha soda. Yangu ilikwisha. Lever ikalegea kama jino la mtoto.

Mhusika ni fundi Makori wa Mosocho. Bingwa huyo. Alikata kipande cha patipati, ile ndala ya mpira, akakiweka mahali pa bushi, akakikaza na waya ya fensi, akanigonga begani: "Hii itakuzika, mzee."

Alibakisha kidogo tu aseme ukweli.

Nikampeleka mama mkwe kwake Kebirigo. Yeye nyuma, mimi mbele, hata kioo cha ndani nilikigeuza. Wasio wa huku wajue, kwetu mtu hamkodolei mama mkwe macho.

Nikasimama mlimani, juu ya majani chai. Lever iko P, dashibodi inaonyesha R. Nikasema ni taa mbovu. Nikazima, na ufunguo ukatoka bila shida, kwa sababu ufunguo huuliza lever tu, gearboksi hauiulizi.

Handbreki niliwaachia waoga.

Nikashuka, nikasogea mbele na kumpa mgongo ili apange nguo zake ashuke kwa amani. Kumbe gurudumu lilikuwa limeegemea kajiwe tu. Alipojisogeza, nikasikia kokoto.

Kugeuka, gari inarudi nyuma, mlango wazi, mama ametulia kama yuko kanisani.

Nilikimbia nikaipita, nikaenda nyuma yake kuizuia kwa kifua. Akili hiyo. Ikanipanda mguu.

Yeye ndiye aliingiza mkono katikati ya viti akavuta handbreki. Gari ikasimama ukingoni mwa chai.

Akashuka, akaniangalia usoni mara ya kwanza tangu nioe.

"Mwanangu, heshima yako ni nzuri. Lakini ungeanza na handbreki."

Makori alikuja hospitali na ndizi. Akanieleza kwa upole kwamba bushi yake haina kosa, kosa ni langu kuegesha mlimani. Kebirigo nzima ni mlima.

Somo ni hili. Lever inasema unachotaka wewe. Taa ya dashibodi inapata habari kutoka swichi ya kwenye gearboksi. Hizo mbili zikibishana, amini taa. Shika breki, vuta handbreki, ndiyo uweke P. Na bushi nunua ya dukani.

Nani mwingine hapa ametengenezewa gari kwa viatu? Elezeni, na majina ya mafundi msifiche.