Mtani Amelala Kaburini

Watu wengi hurudi kutoka nje na televisheni. Mimi nilirudi kutoka Malaysia na stashahada ya usimamizi wa hoteli, nikajenga nyumba ya wageni Mikumi bila msaada wa ndugu yeyote, na nikaleta mchezo ambao Kilosa nzima haikuwa nao. Unachezwa mezani. Kila mchezaji anakuwa mtu wa kubuni, mwamuzi anasimulia yanayowapata, na dadu zinaamua nani amefaulu. Mwamuzi nilikuwa mimi. Sikuona haja ya kupiga kura.

Kanuni niliziandika mwenyewe, nikazipeleka Morogoro zikachapwa na kutiwa jalada. Huko nje niliwaona waamuzi wanaotunga sheria papo hapo, na kila mchezo uliishia kwenye ugomvi. Kwangu, kama haimo kitabuni, haipo.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, kibarazani kwangu Kilosa. Alikuja shangazi yangu, mwalimu mstaafu. Mpishi wangu wa Mikumi. Na mfugaji wa Kisukuma kutoka Masanze anayeniuzia maziwa. Shangazi alikuwa amefiwa na mume, na zaidi ya kanisani hakuwa akitoka ila kwenye mchezo huu. Alicheza kama mkunga. Kanuni zangu alizijua kuliko Zaburi, jambo ambalo lilistahili.

Jumapili moja mkunga alivuka mto uliofurika, dadu zikamkataa, akafa maji. Kanuni iko wazi: wenzake wasiendelee na safari kabla ya kumzika, na akishazikwa, mchezaji wake anaondoka mezani mpaka hadithi iishe. Hadithi yangu ilikuwa na joka mlimani. Isingeisha kabla ya masika mengine.

"Kanuni ni kanuni," shangazi alisema, akaanza kukunja khanga yake.

Mpishi aliniangalia. Mimi niliangalia kitabu. Kingekuwa cha mtu mwingine ningekibadilisha.

"Kaburi limechimbwa," nikasema.

"Refu?" mfugaji akauliza.

"La kawaida."

"Basi nimeingia. Nimelala humo."

"Toka."

"Sitoki. Huyu bibi ni mtani wangu. Watu wa milimani mnataka kuzika bure? Nilipeni kwanza."

Aliyewahi kufika msibani kwetu anajua. Wasukuma na sisi wa milimani ni watani, na mtani ana ruhusa ya kuzuia mazishi mpaka apewe anachotaka, na hakuna wa kumkasirikia. Nilipekua kitabu. Kifo kilikuwemo, kaburi lilikuwemo, mtani hakuwemo.

"Anataka nini?" shangazi aliuliza.

"Marehemu haongei," mfugaji akamwambia. "Ulipokuwa hai ulituchosha vya kutosha."

"Ng'ombe wako wana adabu kuliko wewe."

"Maiti inatukana. Mwamuzi, umesikia."

Alidai jogoo mweupe. Mpishi, aliyekuwa akicheza kama mwindaji, akamtoa. Mfugaji akasema jogoo huyo ana doa.

Nilitafakari kama mtu aliyesoma. Kwenye kaburi lenye mtu hazikwi mwingine. Asiyezikwa haondoki mezani. Kwa hiyo kanuni zangu zilikuwa zimeliona jambo hili mapema kuliko mimi mwenyewe. Niliamua hivyo, na shangazi akaikunjua khanga.

Mazishi yanaendelea hadi leo. Mfugaji amekataa mbuzi, blanketi na shamba la miwa Kidodi. Mpishi anapika uji wa msibani wa kubuni kwa uangalifu ambao wageni wangu hawajauonja. Joka linasubiri.

Kiangazi kilipokaza, mfugaji alipeleka ng'ombe upande wa Kilangali kutafuta malisho. Shangazi alifika Jumapili, akaona kiti cha mfugaji kitupu, akabaki amesimama na pochi mkononi.

"Mtani hayupo," alisema. "Kaburi liko wazi. Nizikeni."

Mpishi akaacha kutikisa dadu.

"Mchezaji asipokuwepo," nikasema, "mhusika wake hubaki pale alipoachwa."

"Ukurasa gani?"

"Wa mwisho."

Ukurasa wa mwisho shangazi anaujua. Una picha yangu nikipokea stashahada, na chini yake jina langu tu. Alinitazama kama anayesahihisha daftari.

"Haya," akasema, akavuta kiti na kukaa. "Muulizeni huyo wa kaburini kama amekula."