Udongo wa Tanuri la Kwanza

Mimi shule niliishia darasa la pili, na sioni haya kulisema, maana waliofika la nane walikuja kuniomba kazi. Pale Iringa, miaka ya hamsini, ukitaka tofali la kuchoma lisilomeguka mvua ya kwanza, uliambiwa nenda kwa yule wa Kalenga. Yule ni mimi. Nilianza na kalibu moja ya mbao na miguu yangu miwili ya kukanyagia udongo. Kabla sijatimiza miaka arobaini nilikuwa na lori, na nyumba ya vyumba sita iliyojengwa kwa matofali ya tanuri langu la kwanza kabisa. Yale sikumuuzia mtu. Nilisema jasho la kwanza la mwanaume ni la kulala ndani yake.

Nasema hivi ili ijulikane kwamba udongo niliujua. Ndiyo maana mzungu mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale, alipokuja kuchimba kwenye korongo nje ya mji akitafuta msimamizi wa vibarua, nilijipeleka mwenyewe. Kufyatua matofali niliwaachia watu wangu.

Siku ya kwanza nikataka anione. Jua halijafika utosini, shimo langu limeshanifika kiunoni. Mzungu akaja, akalitazama, akakaa chini akashika kichwa.

"Umechimba vizuri sana," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Sasa hatujui kitu."

Vibarua walicheka mpaka wakaegemea majembe. "Haya, tajiri, rudisha udongo wa watu!"

Nilikasirika, lakini mimi nikikasirika ndiyo najifunza. Nikajua kukwangua kwa mwiko wa fundi mwashi, unene wa ukucha, na kufagia kwa brashi. Jiwe hukuling'oa mpaka yeye achore kwenye karatasi lilivyolala. Mengi yalikuwa yamechongwa pande zote mbili kama jani, yanajaa kiganja. Siku moja akaniita mahali ambapo vibanzi vya mawe vilitapakaa, ila katikati pana uwazi wa njia mbili.

"Hapa alikaa mtu akichonga," alisema. "Hii miguu yake."

Nilikaa pale, nikanyoosha miguu. Ilienea. Mtu aliyekufa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, na mimi nimekaa alipokaa. Nikauliza aliitwa nani. Mzungu akacheka kidogo. "Hilo ardhi haisemi. Inasema alifanya nini, tena kama hujasogeza kitu. Ukisogeza, basi."

Kiangazi kile kile dada yangu akaja kutoka Mbeya. Huyu ndiye mama niliyemjua. Mama mwenyewe alikufa mimi sijaanza kutembea. Dada, msichana mdogo, akanibeba mgongoni kutoka Kalenga mpaka kwa ndugu zetu Mbeya. Huko akaolewa, akazeekea huko huko, mtaa wa Ilomba. Mimi nilipopata nguvu za kutafuta maisha nilirudi Kalenga peke yangu. Sasa alishuka kwenye basi amekonda, tumbo limevimba, na daktari alishamwambia aende nyumbani akapumzike.

"Kamwene, mdogo wangu," alisema. "Nimekuja kufa. Nataka unilaze ubavuni kwa mama. Tangu nimwache pale hakuna aliyemtambikia."

"Dada, hilo tu? Kwa ufundi nilio nao sasa, kaburi la mama nitakuonyesha hata kabla ya mavuno ya ulezi."

"Maneno yako na tumbo langu, tuone kipi kitatangulia."

Jumapili nikamwomba mzungu, akakubali kuja. Tukampakia dada mbele kwenye lori. Alikumbuka vizuri: unavuka kijito, unapita mwamba wenye mgongo kama wa ng'ombe, nyumba yetu ya tembe ilikuwa chini yake, na kaburi liko nyuma ya ukuta wa jikoni. Nilikuwa naendesha huku naringa, kumbe kila anachotaja nakijua. Tulipopita mwamba, nikapunguza mwendo.

Dada akanyoosha kidole. Mbele yetu palikuwa na bwawa la maji ya kijani na matete. Lilikuwa shimo langu la kwanza la udongo.

Niseme ukweli jinsi ilivyokuwa. Niliporudi Kalenga nilitafuta mahame, yaani mji uliohamwa, maana udongo wake ni laini, una majivu, na hauna mwenyewe wa kukudai. Tena una vigae vingi vya vyungu vilivyovunjika. Hapo ndipo ilipokuwa siri yangu: vigae nilivitwanga, nikavichanganya kwenye udongo, na tofali halikupasuka motoni. Wenzangu wote walivitupa. Mimi nilivitwanga. Sikuwahi kumuuliza dada mji wetu ulikuwa wapi. Anayetafuta mali haulizi makaburi.

Mzungu alizunguka shimo. Upande mmoja ukingo ulikuwa umebaki, hatua tatu hivi. Akaukwangua kwa mwiko, akamwita dada karibu. "Mama, tazama. Hii nyeusi ni majivu ya jiko. Hii mistari ni sakafu. Waliisiriba mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Baada ya hapo hakuna."

Dada akapiga magoti. "Ya tatu nilisiriba naye," alisema. "Mimi nilikanda kinyesi cha ng'ombe, yeye akapitisha kiganja. Alikuwa na mimba yako." Akanitazama. "Na kaburi?"

Mzungu akanigeukia. "Wakati unachimba, uliona nini?"

Kwetu mwanamke mwenye mji akifa, chungu chake hutobolewa tundu kitakoni kikafunikwa juu ya kaburi, asije mwingine akakitumia kupikia. Mimi nililelewa ugenini, hilo sikulijua. Nilikiona. Nilicheka na kibarua wangu kwamba mwenye chungu hiki alipikia wachawi. Chini yake palikuwa na mifupa myembamba, nikasema ya mbuzi, nikaitupa kijitoni. Chungu nikakitwanga.

Hayo yote niliyasema pale pale, nimesimama.

"Matofali hayo yako wapi?" mzungu aliuliza. Nilinyoosha kidole upande wa nyumbani kwangu. Dada alishaelewa.

Nyumbani alikataa uji. Aliomba kitanda kisogezwe ukutani, akawa anapitisha kiganja juu ya matofali kama mtu anayesiriba. Nilimwambia nitabomoa, nitakwangua kila tofali. Nikachukua mwiko kweli, nikakwangua, vigae vikatokea vyekundu na vyeusi, punje punje. Nikampelekea mzungu kiganja kizima. Alivigeuza kwa muda mrefu, akanirudishia taratibu.

"Vilikuwa vyungu," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi."

Dada alikaa siku tisa. Ya mwisho aliniita.

"Nizike popote, mdogo wangu. Ila usinifyatue."

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza. Tulimzika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua, ubavuni kwa mtu ambaye jina lake lilishafutika kwenye ubao.

Mzungu alimaliza kazi yake akaondoka na masanduku, kila jiwe limeandikiwa lilipolala. Nyumba nimebaki nayo. Wageni huja wakagonga ukuta kwa vidole, wakasema hili tofali siku hizi halipatikani, ulichanganya na nini? Nawaambia ni udongo wa Kalenga. Wakishaondoka nakaa kwenye kiti, nanyoosha miguu kama siku ile korongoni, na ukuta haunionyeshi alikolala mtu.