Saa Niliyoisogeza kwa Kidole

Foleni ya malori mpakani Malaba ilifika hadi chini ya dirisha la chumba nilichopanga. Nilikuwa naandika programu ya kuwaonyesha madereva hali ya foleni. Ikishapata jibu kutoka mfumo wa mpakani, ililihifadhi kwa saa nzima, kisha ikalitupa na kuuliza upya. Kuhakikisha inalitupa, ilibidi nikae saa nzima nikikodolea skrini macho. Nikikosea, naanza tena. Nilikunywa chai mpaka tumbo likakataa.

Mwishowe nikachoka. Nikaikataza programu kusoma saa ya kompyuta yenyewe. Iulize saa yoyote nitakayoipa: madereva wakiitumia, iwe saa ya kweli; nikiijaribu, iwe saa yangu ya bandia, ninayoisogeza nitakavyo. Nikabonyeza, saa nzima ikapita papo hapo, na jibu la zamani likatupwa.

Nilishuka na kompyuta kumwonyesha saa hiyo dereva mmoja aliyekuwa anapika ugali kando ya trela lake.

"Boss, hebu isogeze mpaka kesho asubuhi," akasema.

Nikabonyeza. Saa ikaruka hadi kesho, programu ikauliza upya, jibu likaja lilelile: foleni haijasonga.

"Hata kesho," akasema, akarudi kusonga ugali wake.