Pua ya Fundi Yadullah

Kijijini kwetu hakuna asiyengoja mawaridi. Mwenye bustani anayangoja, mwenye duka anayangoja, hata punda wa Mashdi Ghorban, ambaye kazi yake ni kubeba magunia ya maua, huanza kupiga kelele Nairuzi, mwaka mpya wetu, ikishapita. Lakini mwaka ule aliyeyangoja kuliko sote alikuwa jirani yangu Fundi Yadullah, mpika marashi. Mimi niliyaona yote, maana ukuta kati ya ua wake na wangu ni mfupi, na mimi Tuba ni mrefu.

Kila asubuhi baada ya sala alitoka na kanzu yake nyeusi ya msiba, akasimama mbele ya mwaridi ulio kando ya mfereji. Akainama. Akatia pua kwenye tumba, nalo limefumba kama ngumi ya mtoto mchanga. Akavuta pumzi, akatulia kidogo, kisha akarudi ndani akitikisa kichwa.

"Fundi!" nikamwita siku moja. "Hilo tumba unalinusa au unalichumbia?"

"Jirani, wewe huna mkate wa kuchoma?"

"Ninao. Ila kichekesho cha bure siachi kukitazama."

Zamani angecheka. Siku ile aliniangalia tu, akaingia ndani, nami nikabaki na mdomo wangu juu ya ukuta nikijiona mjinga, maana sababu nilikuwa naijua.

Mwaridi ule aliupanda mkewe, Kaukab, mwaka aliokuja kuolewa. Kaukab alikuwa shoga yangu, shoga wa kukopeshana chumvi na siri. Alifariki mwaka uliotangulia, mavuno yakiwa katikati, na maua aliyoyachuma asubuhi ile yalipikwa na watu wengine. Tangu harusi yao kazi ilikuwa imegawanywa hivi: jungu ni la Yadullah, moto ni wa Kaukab. Mume amesimama juu ananusa mvuke unaopenya, mke amechutama chini na kuni zake. Mume akisema "punguza", mke ameshapunguza. Marashi yetu hayana mchezo, moto ukizidi kidogo maua yanashika chini ya jungu la shaba, na maji yote yananuka moshi. Kwao hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Lakini nguo za Kaukab, hata azifue vipi, zilikuwa na harufu mbili zisizoachana, waridi na moshi. Tulimtania sana. "Kaukab, ukiingia msikitini watu wanadhani jungu la mtu linaungua!" Naye akijibu, "Basi wapate na thawabu ya kuja kuzima."

Majira ya baridi, kabla ya matumba kutoka, Yadullah alipata homa kali. Alipopona nilimpelekea supu, nikamkuta amekaa jikoni anakunywa chai, na pembeni yake maziwa yanafurika na kuungua juu ya jiko. Moshi umejaa, paka amekimbilia nje, yeye ametulia tuli.

"Wee Yadullah!" nikapiga kelele huku nikiondoa sufuria. "Maziwa yanakuwa mkaa na wewe umekaa?"

"Sikuyaona."

"Kuyaona! Nani anayeona maziwa? Si unasikia harufu?"

Akaweka kikombe chini.

"Mficha uchi hazai, fundi. Kulikoni?"

"Tuba, sisikii harufu. Tangu ile homa."

"Hata mkate?"

"Hata mkate."

"Hata mimi, nilivyokula kitunguu saumu leo?"

"Hicho unakila kila siku, sihitaji pua kukijua."

Nikacheka, naye akacheka, halafu akafunika uso kwa mikono yake miwili. Akaniambia alishafungua chupa zote za marashi za mwaka jana, moja baada ya nyingine, akanusa, ni kama ananusa maji ya mfereji. Daktari wa mjini Kashan alikuwa amemwambia huenda pua itarudi, huenda isirudi, asubiri. Katika maneno yote hayo Yadullah alichukua moja tu, la kusubiri.

"Maji ya chupa yamelala," akasema. "Ua bichi ndilo litakaloniamsha. Waridi likifunguka, na pua itafunguka."

"Inshallah. Na ikichelewa, utaonja kwa ulimi. Marashi si mwisho wa dunia."

"Si marashi, Tuba." Akaonyesha sanduku la mbao lililokuwa chini ya dirisha. "Mtandio wake umo humo. Niliufunga ndani ya furushi siku ya tatu baada ya maziko, sijaugusa tena. Harufu yake imo. Nilikuwa najiwekea. Sasa nikiufungua nikiwa hivi, harufu itatoka, itapotea hewani, na mimi nipo palepale nisiipate."

Nililia kwenye supu ya mgonjwa, sioni haya kusema. Kaukab wangu naye nilikuwa nimemkumbuka. Yadullah akaniapisha nisimwambie mtu, maana mpika marashi asiye na pua atachekwa mpaka Isfahan. Nikaapa.

Basi mkijua hayo, mtajua kwa nini kila asubuhi alikuwa akilisumbua lile tumba. Na mwaka wenyewe ulikuwa mkorofi. Theluji iligoma kutoka mlimani, ikaja sakitu, ule umande ulioganda, juu yake, matumba yakabana. Wazee wakasema hayawi hayawi huwa. Yadullah nilimwona akiufunika mwaridi kwa blanketi lake mwenyewe jioni, na yeye analala kwa koti.

Wiki ya hitima ya mwaka ikafika, na binti yake Mahin akaja kutoka Isfahan. Mahin ni mtoto mwema, ila mkono wake ukishika jambo hauliachii. Kwetu, hitima ya mwaka ikishasomwa, nguo zote za marehemu hutoka nyumbani zikapewa wahitaji. Nguo ikibaki, watu husema marehemu hapumziki, anahangaika kutafuta vazi lake. Mahin alikuja na mifuko tayari.

"Baba, nipe ufunguo wa sanduku."

"Bado."

"Bado nini? Hitima ni Alhamisi."

"Mawaridi yakichanua."

"Nguo za mama na mawaridi wapi na wapi, Baba?"

Akatoka nje. Mahin akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa hapo nachambua mchele kana kwamba sina masikio. "Mama mdogo, baba amerukwa na akili?"

"Hajarukwa."

"Basi ana nini? Anataka mama ahangaike huko aliko? Mimi nimelia mwaka mzima, naye ananifungia sanduku kama vile mama alikuwa wake peke yake!"

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Mwache."

"Na wewe unamtetea!"

Nilimtetea, ndiyo, maana nilikuwa nimeapa. Siku mbili hawakusemeshana. Chakula nilikibeba mimi, huku sahani, huku sahani.

Jumatano alfajiri nikaamshwa na harufu. Baridi ilikuwa imevunjika usiku, na kijiji kizima kimefunguka kwa pamoja. Lo, ile asubuhi ya kwanza! Mwaka mzima unaishi kwa ajili yake. Nikakimbilia ukutani na ushungi wangu umekaa upande. Yadullah alikuwa ameshafika. Mwaridi wa Kaukab umejaa maua, yana umande, na yeye ametia uso wake wote ndani. Nilishika ukuta. Nikaomba dua zote ninazozijua.

Alipoinua uso, umande ulikuwa unamtiririka kwenye ndevu. Akachuma ua moja, akalisugua viganjani, akalinusa tena. Kisha akalitia mdomoni akalitafuna.

"Fundi?" nikasema polepole.

"Lina uchungu kidogo," akajibu.

Sasa, jungu la kwanza la msimu kwetu haliuzwi. Maji yake huosha makaburi ya waliofariki tangu msimu uliopita, na mwaka ule walikuwa wachache, mmoja wao ni Kaukab. Nikamwambia, "Yadullah, mwachie Mashdi Ghorban apike hili, naye anajua jungu. Hakuna atakayejua sababu."

"Jungu la Kaukab nitalipika mimi."

"Basi nikushikie moto."

"Moto wa Kaukab sitampa mtu."

Ubishi wa mwanamume mwenye huzuni ni kama wa nyumbu, mpe njia apite. Akajaza maua na maji, akaziba mfuniko kwa unga uliokandwa, akapachika bomba kwenye mtungi ulioko mferejini, akawasha kuni. Mimi na Mahin tukaingia jikoni kukoroga halua ya hitima. Mahin alikuwa bado amenuna.

Ghafla tukasikia ukelele uani. "Inaungua! Tuba! Inaungua!"

Tukatoka mbio. Yadullah amesimama juu ya jungu, mikono kichwani, moto chini unawaka kama wa kuchoma matofali. "Inaungua!"

"Si utoe kuni basi, mwanamume wewe!" Nikazivuta mimi mwenyewe, nikaunguza pindo la gauni. Tulipofungua mfuniko, maua ya chini yalikuwa meusi. Nikachota maji ya mtungini kwa kiganja. Moshi mtupu.

Mahin akaanza kulia. "Maji ya mama! Baba, umeyaunguza maji ya mama! Jungu la kwanza, na maua mengine mpaka kesho kutwa!" Akamtazama baba yake, na machozi yakamkauka kwa hasira. "Na unacheka? Unacheka nini?"

Alikuwa anacheka kweli. Anacheka na kulia, akinusa mikono yake, akinusa mkono wa kanzu, akinusa mfuniko. "Nimesikia harufu, Tuba! Nilikuwa nimefumba macho, nikaisikia. Moshi! Inanuka moshi!"

Wallahi nilimkumbatia, mwanamume asiye wangu, mchana kweupe. Kisha nikamgeukia Mahin nikamweleza yote, homa, maziwa, mtandio, kiapo. Alisimama na mwiko wa halua mkononi. Akasema tu, "Ungeniambia, Baba."

"Ningekwambia nini? Kwamba nimempoteza mara ya pili?"

Mahin akachuma waridi, akampelekea puani. Yadullah akanusa kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa. Mkononi akanusa tena, moshi upo. Waridi hakuna. Akasimama akifikiri, kisha akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo.

"Kesho mtandio utoke," akasema. "Mama yako asihangaike kwa ajili yangu. Funga mlango, Mahin. Na dirisha."

Tukafunga kila kitu kana kwamba tuna ndege ndani. Akapiga magoti mbele ya sanduku, akafungua fundo la furushi kwa meno. Mtandio mweupe wa maua madogo ukatoka. Akajifunika nao uso wote.



"Baba," Mahin akanong'ona. "Unasikia waridi?"

"Hapana."

Nikaangalia pembeni.

"Waridi sisikii," akasema ndani ya mtandio, na sauti yake ikabadilika. "Moshi. Nasikia moshi wake. Ule wa jikoni kwake, wa kuni za mti wa lozi. Yumo, Mahin. Nusu yake yumo."

Alikaa hivyo mpaka alipotosheka, kama mtu anaweza kutosheka. Kisha akampa binti yake. Mahin akanusa, akafumba macho, akasema, "Mimi nasikia waridi, Baba."

"Likoje? Niambie."

Akamwambia. Mtoto wangu yule mbishi alikaa sakafuni akamweleza baba yake harufu ya mama yake, polepole, kama unavyomlisha mgonjwa kwa kijiko. Mimi nikaenda kuangalia halua. Ilikuwa imeganda, na sikujali.

Alhamisi nguo zote zilitoka, na mtandio nao. Alimkabidhi mwenyewe, kwa mkono wake, mama mmoja mjane wa kijiji cha chini, na alipompa hakugeuka nyuma. Mahin alitaka tuombe marashi safi kwa jirani ya kuoshea kaburi. Yadullah akakataa, akasema la kwanza ni la kwanza. Akabeba maji yake yaliyoungua mpaka makaburini, akayamimina juu ya jiwe la Kaukab, akalisugua kwa kiganja.

Watu walikunja pua. Mke wa Mashdi Ghorban, ambaye hawezi kukaa na neno, akasema, "Fundi Yadullah! Marashi gani haya yenye harufu ya jikoni?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa lake. Yadullah akanitangulia, ila hakumjibu yeye. Aliinama karibu na jiwe, maji yanamdondoka vidoleni, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote:

"Moto umenishinda, Kaukab. Sina wa kumwambia apunguze."