Mama mkwe anamgawia shemeji dawa zangu za ukoma

Wasomaji, mniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Haya yalianza watu wakishona nguo za sherehe ya Uhuru, lakini mkono wangu mmoja una mtoto, wa pili una mwiko. Jina langu lificheni. Nina miaka ishirini na miwili, watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Tunaishi Nyegezi kwa wakwe zangu.

Nina ukoma. Basi, nimeusema. Kila mwezi napanga foleni zahanati mchana kweupe, watu wakinihama kwenye benchi, mpaka nipewe vidonge vyangu. Dresa, yule mhudumu anayegawa dawa pale, alinieleza: nikimeza bila kukosa, nitapona na watoto nitakaa nao. Nikikosa, nitapelekwa kambi ya wakoma, watoto wabaki.

Vidonge vikaanza kuisha kabla ya mwezi. Siku moja nikamkuta mama mkwe anavifunga kwenye pindo la kanga. Vya nani? Vya shemeji, mdogo wa mume wangu, karani mjini. Naye anaumwa, ila hataki kuonekana.

"Mama, dawa hizo zimeandikwa jina langu."

"Jina! Kwani kidonge kinajua kusoma? Huyu kesho atakalia kiti alichoacha Mzungu. Akionwa kwenye foleni ile, nani atampa? Wewe ni wa jikoni, nani anakutazama?"

Uso wangu wa kuanikwa, wake wa kufichwa!

Jumapili shemeji akaja na tai yake. "Shemeji, tusikuze mambo. Nusu kwako, nusu kwangu, tutapona wote."

"Tutaoza wote," nikamjibu. Mume wangu akasema nimemtukana ndugu yake.

Nilimuuliza dresa bila kumtaja mtu; kasema dozi ya mmoja ikigawanywa haimtibu yeyote, na kumpa mwingine dawa uliyoandikiwa wewe ni kosa. Nikamsihi shemeji aende hata Magu, asikojulikana. Akaruka: Magu ndiko anakochumbia!

Simchukii. Madoa yake nimeyaona, nikamhurumia. Lakini wanangu hawana mama wa akiba.

Nikimtaja kwa dresa, ndoa yangu itavunjika. Nikinyamaza, nitatenganishwa na wanangu. Niambieni nishike lipi.

Tena nitumieni, kupitia zahanati, si nyumbani: jibu la mjuzi wa sheria, kama kosa ni la anayechukua au ni langu pia niliyeibiwa, kwa Kiswahili chepesi nimsomee mama mkwe. Na kufuli dogo, maana nikimwomba mume wangu atauliza la nini. Liwe na ufunguo mmoja tu.