Mausi ya Binti Yao

Fundi wa kompyuta hana subira na vitu vya ovyo. Mausi ikiletwa kwake, kwanza huifuta kwa spiriti, kisha huitikisa sikioni. Ikilia ndani, humrudishia mwenyewe: "Hii kawape watoto wachezee mchanga."

Wiki ya tatu baada ya kumzika binti yao, mkewe alimwekea mezani mausi ya gemu ya marehemu.

"Mume wangu, itazame tu. Bado nzima?"

Akaishika kama ya mteja yeyote. Akaifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaitikisa, kimya. Akabonyeza, vitufe vyote vikaitika sawasawa. Plastiki ilikuwa nene, skrubu zimefichwa chini, gurudumu halijalegea.

"Waliotengeneza hii walikuwa na akili zao," alisema. "Miaka mitano, haina hata ufa."

Mkewe hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama ubavu wa mausi, pale kidole gumba cha binti yao kilipozoea kukaa. Asubuhi palikuwa na alama nyeusi ya jasho. Sasa palikuwa pakavu, panang'aa.

Fundi akatazama kitambaa mkononi mwake.

"Hicho," alisema mkewe, "usikifue."